Toba Iliyompeleka Mama Benchi la Nyuma

Kosa langu la mwanzo katika mambo ya imani lilikuwa kudhani kwamba toba ni kazi ya mtu kujisafisha mwenyewe, na kwamba aliyejisafisha vizuri zaidi ndiye aliye karibu zaidi na Mungu. Hakuna aliyenifundisha hivyo. Nilijifundisha mwenyewe, kama nilivyojifundisha karibu kila kitu baada ya darasa la nne, na anayejifundisha mwenyewe hana mwalimu wa kumrudi anapopotoka. Aliyelilipia kosa hilo si mimi. Ni mama yangu.

Tulikaa kambini, kwenye shamba la mkonge kati ya Tongoni na Kigombe. Baba aliteremka kutoka milima ya Usambara akiwa kijana kuja kukata mkonge, kwa nia ya kurudi baada ya msimu mmoja, na hakurudi. Alifariki hapo hapo kambini, mama akiwa na mimba ya mdogo wangu wa kike. Mimi nilikuwa nimekwisha kupata kazi kwenye banda la brashi, mahali ambapo singa, yaani nyuzi za mkonge zilizokauka juani, husuguliwa na kuchaguliwa kabla ya kufungwa marobota. Kazi yangu ilikuwa kuchagua. Singa nyeupe upande huu, yenye manjano upande ule, na iliyobaki na ukijani au kuungua inakwenda kwenye fungu la mwisho. Niliipenda kazi hiyo kupita kiasi. Mnyapara aliwaambia wenzangu wanitazame mikono. Jioni nilirudi nyumbani macho yakiwa bado yanatafuta madoa: kwenye sufuria, kwenye kola ya shati, kwenye maneno niliyoyasema mchana.

Ilikuwa miaka ile sarafu za Mfalme na za Malkia zilipokuwa zikipita pamoja mkononi, na vijana wa mjini Tanga walikuwa wameanza kutembea na kadi za chama mifukoni. Wenzangu wa banda walibishana kuhusu uhuru. Mimi niliwasikia kama mtu anavyosikia mvua ya kijiji cha pili. Kilichonisumbua kilikuwa karibu zaidi. Nilitaka kujua kama nimeokoka, na nilitaka kulijua hilo kwa uhakika, kama ninavyojua singa nyeupe nikiiona.

Sisi Walutheri tulikuwa wachache. Vijiji vya jirani vyote vilikuwa vya Waislamu, na kambini tulichanganyika. Kanisa letu lilikuwa nyumba ya udongo yenye paa la bati, na mchungaji alitufikia kwa baiskeli kutoka mjini mara moja kwa mwezi. Jumapili nyingine aliongoza mzee wa kanisa, ambaye siku za kazi ndiye alikuwa mnyapara wetu wa brashi. Mchungaji aliwasili Jumamosi mchana, na wote waliotaka kula Chakula cha Bwana kesho yake walikutana kwa maandalizi. Tuliimba, tukasomewa amri, kisha ukaja ukimya, na mwenye jambo alisimama akalisema. Mara nyingi yalikuwa mambo ya kila siku: huyu amemtukana jirani, yule amelewa tembo hadi akalala shambani. Jambo dogo liliombewa papo hapo likaisha. Jambo zito, kama uzinzi au kwenda kwa waganga na mizimu, lilimfanya mtu atengwe. Hakula Mezani pa Bwana, na Jumapili alikaa benchi la nyuma karibu na mlango, mpaka siku atakayopiga magoti mbele ya watu wote na kukiri kosa kwa kinywa chake mwenyewe. Mtoto wa mtu aliyetengwa hakubatizwa mpaka mzazi amerudi.

Mdogo wangu alikuwa hajatimiza mwaka aliposhikwa na degedege. Mama alimpeleka dispensari ya shamba, dresa akampa dawa ya homa, homa ikashuka, kisha ikapanda tena. Mzee wa kanisa alikuja akaomba, akaenda zake. Aliyebaki ni jirani yetu, mama mmoja wa Kimtang'ata, Mwislamu wa pwani ya Tongoni, aliyeolewa na dereva wa trela la mkonge. Mimi nilimwita mama mkubwa, na mama yangu alimwita shoga. Alikuja asubuhi na jioni, akambeba mtoto ili mama apate kula.

Siku moja alimwambia mama, "Shoga, dawa mmempa na sala mmesali. Kwetu Tongoni yapo makaburi ya wazee wa zamani. Twende tukamwombee mtoto kule. Mola ni mmoja, milango ndiyo mingi."

"Na kanisani wakisikia?"

"Watasikia kwa nani? Mimi msikitini kwenu siingii."

Mama alicheka, na sikuwa nimemsikia akicheka tangu homa ianze. Akaniambia nimbebe mtoto.

Tulikwenda watatu na mtoto. Nilimbeba mgongoni, na mkononi nilishika kichupa cha marashi na kifuko cha ubani. Kule kwenye makaburi ya mawe, mama mkubwa alifukiza ubani, akanyunyiza marashi, akasoma dua zake. Mama yangu alisimama pembeni, mtoto nimemweka mikononi mwake. Midomo yake ilikuwa inachezacheza. Sikusikia alichokisema, na sikumwuliza. Wakati wa kurudi mtoto alilala, na siku zilizofuata homa ilimwacha. Ilikuwa dawa ya dresa au ilikuwa kitu kingine, sijui mpaka leo.

Mama alionyesha shukrani yake kwa kutaka mtoto abatizwe upesi. Kwa kuwa baba hakuwapo, mimi ndiye ningemshika mtoto mbele ya mchungaji. Mama alimshonea kigauni cha kitambaa cheupe cha marekani kwa mkono, akakifua na kukianika ndani ya nyumba ili vumbi la kambi lisikipate.

Kadiri siku ilivyokaribia, ndivyo nilivyozidi kukosa raha. Nilikitazama kile kigauni kisha nikaitazama mikono yangu. Mikono hii ilibeba ubani kwenda makaburini. Itambeba vipi mtoto kwenda kwenye maji ya ubatizo? Nilisali nikaona sala haitoshi. Nilifunga kula nikaona kufunga hakutoshi. Nilitafuta kwenye maandiko mfano wa mtu aliyefanya kama mimi, ili nijue uzito wa kosa langu kamili, usizidi wala usipungue. Mwisho nikaamua kwamba Jumamosi nitasimama niseme. Maneno yangu niliyapanga nikiwa kazini, singa zikipita vidoleni, nikayasugua hadi yakawa laini. Mama sikumwambia. Nilijidanganya kwamba toba ni siri ya mtu na Mungu wake, ingawa nilikuwa nimepanga kuisema mbele ya kanisa zima.

Jumamosi ikafika. Ukimya ulipokuja, nilisimama. Nilisema kwamba nilibeba ubani na marashi hadi makaburini Tongoni, kwamba nilitegemea wafu badala ya Mungu aliye hai, na kwamba nataka kuoshwa kabla sijamshika mtoto. Nilisema vizuri. Niliona watu wanaitikia kwa vichwa, na sitaficha kwamba jambo hilo lilinifurahisha.

Mzee wa kanisa aliuliza, "Ulikwenda na nani?"

Hapo ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema, nimekuja kusema la kwangu. Lakini mtu anayetaka kuwa safi kabisa huogopa kuacha kipande. Nikajibu, "Na mama. Na jirani yetu."

Watu waligeuka. Mama alikuwa upande wa wanawake, mtoto amemlaza begani. Mchungaji, ambaye hakuwa mtu mkali, alimwuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli.

"Ni kweli," mama alisema.

"Unatubu?"

"Sijui nitubu lipi, mchungaji. Mwanangu alikuwa anakufa."

Mzee wa kanisa alisema kanuni ni kanuni, haikutungwa kwa ajili ya mtu mmoja. Mchungaji aliinamisha kichwa, akasema mama akae pembeni na Meza kwa muda, na ubatizo usubiri. Mimi, kwa kuwa nilikuwa nimetubu, niliombewa hapo hapo.

Njiani kurudi mama alitembea mbele yangu bila kugeuka. Mama mkubwa alikuwa mlangoni kwake anachambua mchele. Alituona nyuso zetu akauliza kuna nini, na mama akamweleza kwa maneno machache kama mtu anayetaja bei ya samaki. Mama mkubwa aliweka ungo chini, akanitazama.

"Hebu nielewe, mwanangu. Ulijiona una uchafu."

"Ndiyo, mama mkubwa."

"Ukataka kujitawadhisha."

Nikaitika kwa kichwa.

"Ukachota maji ya kunywa ya mamako." Akauchukua ungo wake. "Haya. Sala yako ipokelewe."

Nimetunga majibu mengi kwa maneno hayo tangu siku ile, na hakuna hata moja lililofaa.

Jambo ninaloona aibu zaidi kuliko yote ni kwamba jioni ile nilijisikia mwepesi. Kesho yake nilikula Chakula cha Bwana. Nilipokuwa nimepiga magoti mbele, sikugeuka kutazama nyuma, kwenye benchi la karibu na mlango. Niliporudi mahali pangu nilimwona mama amekaa wima, anaimba na wengine, na kigauni cha marekani hakikuwa kwenye mtoto. Alikuwa amemvika kile cha kila siku.

Mama hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliendelea kunipikia na kunifulia. Kilichobadilika ni jina. Zamani aliniita baba, kama mama wa kwetu anavyomwita mwanawe wa kiume. Tangu Jumapili ile aliniita mzee wa kanisa. "Mzee wa kanisa, uji unapoa." "Mzee wa kanisa, usikanyage mihogo yangu." Alisema kwa upole, kila siku, na mama mkubwa akilisikia aliingia ndani kwake ili asicheke mbele yangu.

Miezi ikapita hivyo. Mdogo wangu alijifunza kusimama kwa kushika ukuta. Kisha degedege ikamrudia, mchana mmoja nikiwa kazini, na niliporudi nilimkuta mama amemshika, mtoto ametulia lakini macho ya mama hayajatulia. Hapo nikaelewa kilichokuwa kimemkaa moyoni. Hakujali sana benchi. Aliogopa mtoto asije akafa kabla hajabatizwa. Kwa watu wa kwetu, mtoto wa namna hiyo alizikwa bila kengele na bila mwimbaji, na mama alikuwa amekwisha kumzika mmoja hivyo kule milimani, kabla hajamfuata baba huku na kabla sijazaliwa. Hili la mwisho alinieleza mama mkubwa. Mimi sikulijua.

Nilimwendea mama na shauri. Nilimwambia, "Mchungaji akija, piga magoti useme unajuta kwenda Tongoni. Yataisha siku hiyo hiyo. Ni maneno tu, mama."

Aliendelea kumsugua mtoto mafuta. "Wewe ndiye uliyesimama mbele ya watu kunionyesha kwamba maneno si maneno tu."

"Lakini mtoto..."

"Nikisema najuta, nitakuwa namdanganya Mungu ili animwagie mwanangu maji yake. Maji hayo yatakuwa na faida gani? Mimi sikusoma, mzee wa kanisa, lakini hilo nalijua."

Kwa mara ya kwanza niliona kwamba mama yangu, ambaye kanisa lilimweka karibu na mlango, alikuwa anaogopa zaidi kusema uongo mbele ya Mungu kuliko mimi nilivyoogopa. Mimi nilikuwa tayari aseme lolote ili mimi nipumue.

Basi nikaanza kujitesa kwa njia ninayoijua. Kila Jumamosi ya maandalizi nilisimama. Nilitubu kwamba nimetamani baiskeli ya karani. Nilitubu kwamba nimesinzia katikati ya sala. Nilitubu kwamba nilipotubu mwezi uliopita nilijivunia kutubu. Sikuwa na raha na toba yoyote, kwa sababu kila niliyoiinua niliona upande wake wa chini una doa jipya. Mara moja mzee wa kanisa alinikatiza.

"Kijana, una dhambi nyingi kuliko umri wako. Kaa. Wenzako wana njaa."

Watu walicheka, pamoja na mchungaji. Nilikaa, masikio yakiwaka. Kesho yake sikwenda Mezani, wala mwezi uliofuata. Niliona kwamba mtu asiyeweza hata kutubu vizuri hastahili kula. Mama alikuwa ametengwa na kanisa. Mimi nilijitenga mwenyewe, na nadhani kwa siri niliona kwamba kutengwa kwangu kulikuwa kwa hali ya juu kidogo.

Ilipobaki muda mfupi kufika Pasaka, mchungaji aliahidi kubatiza watoto wa kambi wote kwa pamoja. Nikajua nisipofanya kitu, mdogo wangu atabaki tena. Nilimfuata mchungaji Jumamosi ya mkesha wa Pasaka, mapema, kabla ya maandalizi. Alikuwa nyuma ya kanisa, baiskeli ameipindua magurudumu juu, anatafuta tundu la pancha kwenye beseni la maji.

"Shikamoo, mchungaji."

"Marahaba. Shika hapa."

Nikashika mpira. Nikamwambia niliyoyapanga: kwamba kosa la mama lilitokana na mimi, kwamba mimi ndiye niliyembeba mtoto na ubani, kwa hiyo nitengwe mimi badala yake, kwa muda wowote atakaoutaka, hata mwaka, na mama arudishwe ili mtoto abatizwe.

Alizamisha mpira, akangoja mapovu. "Unataka kubeba kosa la mtu mwingine."

"Ndiyo."

"Nafasi hiyo ina mwenyewe tayari. Imeshikwa zamani, msalabani." Akaona povu, akaweka kidole. "Wewe huwezi hata kubeba la kwako. Nimekusikia miezi yote hii. Unasimama, unasema, unakaa, unasimama tena. Unafikiri Mungu ni mnyapara anayekagua fungu lako?"

Ndivyo nilivyofikiri.

"Umetubu mbele yangu," akaendelea, "umetubu mbele ya mzee wa kanisa, umetubu mbele ya mafundi mitambo na wakata mkonge. Mama yako umemwambia nini?"

Miezi yote ile nilikuwa nimemwambia mama aseme hivi, afanye vile. Nilikuwa nimeliombea kila kosa langu msamaha isipokuwa lile lililokuwa linanipikia uji kila asubuhi.

"Nenda," alisema. "Na usipange maneno njiani."

Nilipanga hata hivyo. Nilipofika nyumbani nilikuwa na hotuba nzima. Mama alikuwa uani anamenya mihogo, mama mkubwa ameketi naye na mtoto yuko katikati yao anachezea maganda. Nilipiga magoti kwenye vumbi, jambo ambalo halikuwa desturi yetu, na mama mkubwa akasogeza kisu chake kando kwa tahadhari.

"Mama," nikaanza, "nimekosa kwanza kwa sababu sikukuuliza, na pili kwa sababu nilikuwa na kiburi, na tena kwa sababu..."

"Sema moja," mama alisema.

"Ni mengi, mama."

"Mengi kamwambie mchungaji. Mimi niambie moja."

Nilitafuta. Hotuba yote ilikuwa imekwisha kunitoka. Nikasema, "Nilikutaja ili mimi niwe safi. Na niliporudi mahali pangu nikafurahi."

Alimaliza kumenya muhogo aliokuwa ameushika. Mtoto alimpa ganda, akalipokea.

"Nimesikia," alisema.

Nilingoja. Nilidhani kuna linalofuata. Mama mkubwa alinigusa bega. "Amekwambia amesikia. Inuka ulete kuni, magoti yako si ya mawe."

Nikaleta kuni. Sikujua kama nimesamehewa au la, na hali hiyo ya kutojua ilikuwa ngumu kwangu kuliko adhabu. Nilitaka aseme neno lenyewe, ili nilishike. Hakulisema.

Alasiri ile mama alikuja kwenye maandalizi. Aliketi benchi la nyuma kama kawaida. Ukimya ulipokuja alisimama, akapita katikati hadi mbele, mtoto kiunoni, akapiga magoti. Mzee wa kanisa alikohoa, akasogea. Nadhani wote tulitegemea kusikia yale aliyokataa kuyasema miezi yote.

Mama alisema, "Nimemchukia mwanangu. Huyu aliyekaa pale. Kila alipokula nilimtazama kama mwizi aliyeingia nyumbani. Nilimpa jina la kumchoma, na nililitumia kila siku kwa kuwa niliona linamwingia. Natubu hilo."

Sikuweza kuinua uso.

"Na Tongoni?" mzee wa kanisa aliuliza.

"Kule nilimwomba Mungu huyu huyu. Sikuomba kaburi. Nilisema, Bwana Yesu, baba wa mtoto umemchukua, huyu niachie. Hayo tu. Kama nilikosea kusimama mahali pale na ubani unafuka, anisamehe kwa kusimama pale. Kwa kuomba siwezi kujuta. Nikisema najuta nitakuwa nimewadanganya."

Mzee wa kanisa alimgeukia mchungaji. "Hii si toba kamili."

Mikono ya mchungaji ilikuwa bado ina weusi wa mpira wa baiskeli. Niliona kwamba hakuwa na jibu mfukoni, na kwamba alikuwa anaogopa kidogo, kama mtu anayejua kwamba atalazimika kueleza jambo hili mahali pengine. Kisha akasema, "Mzee wangu, nimefanya kazi hii miaka mingi na toba kamili bado sijaiona. Hata ya kwangu." Akamwekea mama mkono kichwani. Akamtangazia msamaha kwa maneno yale yale aliyomtangazia mlevi wa shambani na mimi. Mama akainuka, akaenda kukaa na wanawake wenzake, na mmoja wao akasogea kumpa nafasi. Mzee wa kanisa hakuridhika, na wiki iliyofuata kazini hakunisemesha. Hilo nalo lilikuwa haki yake.

Siku ya Pasaka nilimshika mdogo wangu mbele ya kanisa. Kigauni cha marekani kilikuwa kimekuwa kifupi, kimepita magoti. Maji yalipomgusa alilia kwa hasira na kumvuta mchungaji ukosi. Mama mkubwa alikuwa amesimama nje, kwenye kivuli cha ukuta, akichungulia dirishani kwa kuwa alisema ndani haingii. Nilimsikia akiwaambia watoto waliokuwa naye, "Huyo kapona. Mgonjwa halii hivyo." Hakuwa amepona. Degedege ilimrudia mara nyingine tena kabla haijamwacha kwa kukua. Lakini siku ile hatukuwa tunalijua hilo.

Kisha ikaja Meza. Mama alikwenda mbele na wanawake. Mimi nilibaki nimekaa, kwa kuwa nilikuwa nimejipima tena asubuhi na kujiona sijafika. Nilikuwa bado sijui kama mama amenisamehe. Nilikuwa na wivu na mama kwa toba yake, ambayo ilikuwa bora kuliko zangu zote. Hata wakati ule, fikiria, nilikuwa nashindana. Nikaona kwamba nikingoja mpaka niwe sina kitu cha namna hiyo, nitangojea kwenye kiti hiki mpaka nife, na kwamba mchungaji aliposema nafasi ina mwenyewe alikuwa na maana hii hii. Sikujisikia mwepesi kama siku ile ya kwanza. Nilijisikia mchafu na mwenye njaa. Nikaenda hivyo hivyo.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani nilimwuliza mama kama amenisamehe. Nilikuwa nimeahidi moyoni kutouliza, nikashindwa.

"Nilikusamehe jana," alisema. "Leo asubuhi nilipokuona nikalazimika kuanza upya. Kesho nitaangalia."

"Mpaka lini?"

"Wewe una haraka. Shika mtoto, mkono umechoka."

Nikamshika.

Imeshapita miaka michache. Nimehamia mjini, Makorora, na mama yuko bado kambini na mdogo wangu, ambaye sasa anasoma. Bado mimi ni mtu wa hofu, na bado macho yangu hutafuta kasoro kwenye kila kitu, kuanzia kwenye maandishi haya. Yaliyobadilika ni haya mawili. Nikisimama kutubu, nasema langu tu, na mtu akiuliza nilikuwa na nani, namwambia akamwulize mwenyewe. Na siku ya Chakula cha Bwana sijikagui tena kwanza ili nijue kama nimestahili. Naenda.